Barua ya wazi kwa Ofisa wa Bustani: boza lipumzike

Ndugu Ofisa,

Yah: Nyasi za Pemba katikati ya barabara yetu

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nauza miche kando ya barabara hiyohiyo, na nianze kwa kukiri: nyasi za Pemba ndizo zinazonilisha. Kila mkizing'oa zilizokauka mkapanda nyingine, sisi wa vitalu tunapata. Kwa hiyo ninapowaomba muache nyasi hizo mpande mimea inayostahimili ukame, naugusa mfuko wangu kwanza.

Boza lenu la maji huja kuzinywesha saa saba mchana. Maji ya saa hiyo mengi hubebwa na jua, yaliyobaki yanazama kwenye udongo wa kichanga. Majirani zangu wenye madumu hulitazama likipita, wakaguna. Hatujasahau Oktoba 2022, Mto Ruvu unaotupa maji ulipopungua tukaingia kwenye mgao. Hata mwenye simtanki alihesabu ndoo.

Si kwamba Dar haina mvua. Tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ila sehemu kubwa hushuka masika, Machi hadi Mei, na vuli hujazia. Kuanzia Juni hadi Septemba mmea unajitegemea. Basi tupande unaoweza.

Bogenvilia ni ya kwanza. Asili yake Amerika Kusini, lakini hapa mjini imekuwa mwenyeji. Ukiinywesha sana inajaa majani matupu. Ikibanwa na kiu kidogo ndipo inapowaka. (Ile rangi si ua, ni majani yaliyovaa rangi, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.) Ina miiba, kwa hiyo ikae mbali na waenda kwa miguu, ingawa miiba hiyohiyo itawafundisha adabu bodaboda wanaokatiza.

Pembeni wekeni mhina. Unastahimili ukame, maua yake yananukia, na kina mama watachuma majani ikikaribia Idi au harusi. Waacheni wachume. Huko kuchuma ndiko kupogoa, na hamtamlipa mtu.

Adeniamu, ile yenye shina lililovimba kama chupa, ni ya kwetu Afrika Mashariki na hutunza maji shinani. Naipenda kuliko zote, lakini msiipande: ina bei, itang'olewa usiku wa kwanza. Mwolianda nao unavumilia jua, ila una sumu kuanzia jani hadi mzizi, na barabara hii inapita mbele ya shule. Lantana nayo msiipande: hicho kichaka cha maua kikishatorokea mabondeni, hukirudishi.

Pandeni masika yakianza, si wiki anayokuja mgeni rasmi. Shimo lichanganywe samadi, juu mtandaze maganda ya madafu yaliyokatwakatwa. Wauza madafu wanahangaika pa kuyatupa. Mwaka wa kwanza nywesheni jioni, mara moja kwa wiki, maji ya kutosha kuzama. Kurashiarashia kila siku kunaifanya mizizi ibaki juujuu. Baada ya hapo boza litafutiwe kazi nyingine.

Nina miche 40 ya mhina kwenye viriba. Ni yenu bure kwa kipande kinachotazamana na kituo cha daladala. Leteni majembe mvua za Machi zikianza, samadi ninayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza miche