Shukrani kwa fundi wa Ilula

Kaka yangu uliyenisaidia pale Ilula, gari lilipochemsha baada ya kupanda mlima Kitonga: asante sana. Nilishashauriwa ninunue injini ya mtumba. Wewe ulisubiri ipoe kabisa ndipo ukafungua rejeta, maana maji yale yana presha na yanaunguza vibaya. Ukachomoa kijiti cha oili ukanionyesha: haina weupe wa maziwa, dalili nzuri kwamba maji hayajachanganyika nayo. Hukuridhika. Ukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, zote nne zikawa sawa. Kumbe ni pampu ya maji tu! Ungesema injini imekufa ningeamini, na ningelipa. Jina hukutaka kunitajia. Mungu akubariki, wewe na familia yako.