Kwa mpwa wangu: lile duara jekundu

Mpwa wangu,

Marahaba. Siku unaondoka ulisimama mbele ya picha ya sebuleni ukauliza, "Mjomba, hii ni nini?" Nilikujibu juujuu, maana bodaboda ilikuwa nje inakusubiri. Sasa nakujibu.

Ni nakala ya mchoro wa Alexander Calder, Mmarekani aliyezaliwa 1898. Duara kubwa jekundu, doa jeusi, mistari iliyojiviringa kama konokono. Alichora kwenye karatasi kwa guashi, rangi ya maji iliyo nzito, inayokauka upesi. Alianza kuishikilia hasa mwaka 1953, akiwa Aix-en-Provence, Ufaransa.

Dada yangu ameniambia umeacha kuchora, eti sasa unasoma uhandisi wa mitambo na kuchora ni mambo ya kitoto. Nadhani neno hilo ulilisikia kwangu, siku matokeo yako yalipotoka. Nilikosea, na nisamehe.

Calder naye alihitimu uhandisi wa mitambo, 1919. Mwaka 1922 alikuwa kibarua kwenye chumba cha matanuri ya meli. Alfajiri moja karibu na pwani ya Guatemala, bahari imetulia, akiwa amelala sitahani, aliona jua jekundu likichomoza upande mmoja na mwezi unang'aa kama sarafu ya fedha upande wa pili. Hakuisahau asubuhi ile. Mimi kila nikitazama madoa yake naiona.

Baadaye, Paris, alitengeneza sarakasi nzima ya waya, vizibo na vitambaa, akawa anaichezesha mwenyewe huku watu wazima wamekaa wanatazama. Halafu zikaja zile sanamu zake za vipande vya bati vilivyoning'inizwa kwa waya, vinavyozunguka hewa ikipita. Hapo uhandisi na mchezo ni kitu kimoja: kipande kidogo kilicho mbali na egemeo kinabeba kikubwa kilicho karibu. Hesabu hiyo unaijua kuliko mimi.

Ukija likizo, weka kidole gumba juu ya lile doa jeusi la pembeni. Utaona duara jekundu linaelemea upande mmoja, kama linataka kudondoka. Ondoa kidole, linakaa sawa.

Daftari lako la michoro ninalo. Kurasa nyingi bado ni nyeupe.

Mjomba wako