Mkisoma Warumi 13, msiishie hapo

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Hata makosa ya ukurasa wa michezo nimeyameza kimya. Lakini ile taarifa ya mhubiri aliyesema Biblia inaagiza wakimbizi warudishwe walikotoka imenishinda. Wahubiri wa namna hiyo tumewazoea. Kilichoniudhi ni mwandishi wenu kunakili kila alichoambiwa, sura na mstari, bila kuuliza swali hata moja.

Mhubiri alisimamia Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Mstari huo umetumikishwa sana. Watetezi wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini waliutegemea, mpaka wanateolojia wa huko huko wakawajibu kwa Hati ya Kairos mwaka 1985. Juni 2018, Jeff Sessions, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Marekani, aliutaja kutetea sera iliyokuwa ikiwatenganisha watoto na wazazi wao mpakani. Serikali ikibanwa, Warumi 13 huitwa kutoa ushahidi. Basi huyo mhubiri afunue kurasa mbili tatu mbele, sura ya 16, aone Paulo anaanza kumsalimu nani. Ni Prisila na Akila. Nao ni akina nani? Matendo 18 inasema: mtu na mkewe, Wayahudi, waliotoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Wakaangukia Korintho, Paulo akakaa kwao, wakashona mahema pamoja. Kwa hiyo barua ile ile inayosema tuitii mamlaka inawasalimu kwa heshima watu waliotimuliwa na mamlaka hiyo hiyo, na hakuna mahali Paulo anapowaambia kwamba walistahili. Naye mwenyewe, liwali wa mfalme Areta alipoweka ulinzi Dameski ili amkamate, hakwenda kujisalimisha. Aliteremshwa ukutani ndani ya kapu!

Ukuta wa Yerusalemu aliousimamia Nehemia nao, ambao mhubiri aliushangilia sana, ulijengwa na jamii iliyorudi kutoka uhamishoni, wakiongozwa na mtu aliyesafiri na barua za mfalme wa Uajemi ili apitishwe njiani. Sitaki hata kuanza habari ya Yusufu kumchukua mtoto usiku na kukimbilia Misri. Hiyo watoto wa shule ya Jumapili wanaijua.

Najua atatokea mtu na Ezra 10, wake wa kigeni wanapofukuzwa. Ipo, siifuti. Lakini Biblia hiyo hiyo ina kitabu kizima cha Ruthu, mwanamke wa Moabu, taifa ambalo Kumbukumbu la Torati 23 inalizuia kuingia katika kusanyiko, na Mathayo anamtaja wazi katika ukoo wa Yesu. Wala sisemi serikali isiwe na mipaka au isimkague mtu. Hesabu 15 inataka sheria iwe moja kwa mzalia na kwa mgeni. Ila ikiwa moja, basi inamlinda pia, haimbani tu.

Haya yamenipanda kichwani kwa sababu nimeyaona kwa macho. Kanisani kwetu alikuja mama mmoja na wanawe, wamekimbia vita. Akataka mdogo wao abatizwe. Akaambiwa alete barua ya utambulisho kutoka kanisa alilotoka, kama vile alihama kwa kupenda na kuaga vizuri. Akafungua mfuko wa plastiki akatoa cheti chake cha ubatizo, kimekunjwa mara nne, wino umetawanyika kwa maji pembeni. Mzee wa kanisa akakiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia. Akasema, "Mama, hiki hakina muhuri." Yule mama akamjibu kwa adabu, "Muhuri alikuwa nao mchungaji, baba. Mchungaji mwenyewe hayupo tena." Mzee akarudisha karatasi mezani, akasema ataliwasilisha kwenye kikao. Nilipomuuliza pembeni kama yeye cheti chake anacho, na kama aliwahi kukidaiwa na mtu, akaniambia, "Ndugu yangu, mambo yana utaratibu." Kikao kikakaa, kikaahirisha, kikakaa tena. Huyo mama alikwisha kuhamia kwa watu wengine wanaosali, na mtoto kabatizwa huko bila muhuri wa mtu. Na Jumapili iliyofuata tukasomewa Waebrania 13, msisahau kuwafadhili wageni, maana wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua. Tukaitikia amina kwa sauti kubwa kabisa, mzee wa muhuri akiwa mstari wa mbele.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la zaka. Malaki 3:10 kila muumini anaijua kwa moyo: leteni zaka kamili ghalani. Tunaisikia mwaka mzima, wakati mwingine mara mbili katika ibada moja. Mistari mitano tu juu yake, Malaki 3:5, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni asipate haki yake. Huo hatuusikii. Tena Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe ndani ya malango, waje Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Nimesikia hesabu nyingi za zaka maishani mwangu, za jengo, za vyombo vya muziki, za gari la mchungaji. Ya huyo mgeni wa mwaka wa tatu bado naisubiri.

Pendekezo langu ni dogo. Kanisa lolote likitaka kusoma Malaki 3:10 lianze na 3:5, na msomaji awe mweka hazina, asimame, asome taratibu. Mwaka huu uhesabiwe kuwa wa tatu, maana hakuna anayekumbuka tulianza lini. Fomu ya kupokea waumini kutoka mbali ifutwe sehemu ya muhuri.

Nawe mhariri, siku nyingine mtu akikupa mstari mmoja, mpe mwandishi wako Biblia nzima kabla hajaondoka ofisini. Kama hamna, nitawaazima yangu. Ila irudi.

Msomaji wako wa siku nyingi