Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa 2025

Ndugu wanachama, hasa mama zetu mliofika kwa kushikwa mkono,

Mwaka wetu umetawaliwa na hukumu ya tarehe 2 Desemba 2024, ambayo kwayo Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilitamka kwamba Ubelgiji ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu ilipowatwaa watoto machotara wa Kongo kutoka kwa mama zao na kuwatia mikononi mwa misioni. Walalamikaji watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bintu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, walichukuliwa kati ya 1948 na 1953, wote wakiwa hawajatimiza miaka saba, wakalelewa na masista huko Katende, Kasai. Mwaka 2021 mahakama ya chini iliwakatalia. Safari hii kila mmoja ameamriwa alipwe yuro 50,000.

Tuliisoma hukumu hiyo kwa pamoja, kijana wetu mmoja akifasiri. Habari za njaa na viboko hazikuwashtua mama zetu, ambao nao walilelewa misioni. Mmoja wao, ambaye shule yake sitaitaja, alitusimulia kengele ya alfajiri, misa kabla ya uji, kuchota maji miguu mitupu na kuitwa mtoto wa dhambi mbele ya wenzake. Kisha akafungua kitambaa na kutoa kitambulisho chake: kuzaliwa, tarehe 1 Januari. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa mahindi yakivunwa. Januari hiyo iliandikwa na karani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye jeraha ambalo fidia haiwezi kulifikia.

Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel akafanya hivyo bungeni tarehe 4 Aprili 2019. Tumezipokea radhi hizo kwa heshima, lakini mtu anayemtafuta dada aliyetenganishwa naye bwenini anahitaji faili. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ubelgiji ina mradi maalumu wa kufuatilia kumbukumbu za watoto hao, na kamati imeamua kwamba nguvu zetu za mwaka ujao zielekezwe huko.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kila anayetaka kuombewa faili ampe katibu majina yake yote mawili, lile la mama na lile la misioni, kabla hatujaachana leo.