Sisi ni wachomeleaji, magobole msituletee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi kuchomelea hapa Ilula, wilayani Kilolo. Kazi zangu ni mageti, madirisha na matela ya kubebea nyanya. Lakini kila mahindi yanapoanza kubeba, jioni haikosi mtu kuja na kitu amekiviringisha kwenye kiroba. Gobole, bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti. "Fundi, hebu niangalizie, linagoma."

Siligusi, na wenzangu wa Mafinga, Makambako hadi Chunya nawasihi wasiliguse. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kazi hiyo, na sisi hatuna. Hata sheria ingenyamaza, chuma chenyewe kinasema. Mengi ya hayo magobole mtutu wake ni bomba la maji. Bomba hilo ni bamba lililokunjwa likaungwa. Chungulia ndani kwa tochi utauona mshono umenyooka mwanzo hadi mwisho. Mtutu wa kweli hutobolewa kwenye mhimili mzima wa chuma kigumu. Halafu baruti ya kienyeji inapimwa kwa kiganja, leo kidogo, kesho zaidi. Siku likipasuka, linapasuka hapo kwenye mshono, jirani kabisa na jicho la anayelenga.

Siku hizi limezuka jingine. Kijana mmoja alinijia na video kwenye simu, bunduki ya kuundwa nyumbani inayojipakia yenyewe, akitaka nimweleze kwa nini inakwamisha risasi. Mgambo nimepitia, SKS, bunduki inayojipakia yenyewe, nimeishika. Bunduki ya aina hiyo hutumia gesi ya risasi iliyopigwa kusukuma nyuma bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, ikatupa ganda na kuingiza risasi nyingine kabla hujapepesa jicho. Ikikwama na bolti haikufunga sawasawa, kinachobaki kuzuia moto ni kiganda chembamba cha risasi. Hakiwezi. Kinapasuka, moto unakurudia usoni. Simu yake nikamrudishia, nikaendelea na geti la watu.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba wanaokuja na viroba ni majambazi. Wengi wamekesha kwenye dungu wakipiga debe, na asubuhi wanakuta nguruwe pori wamelaza nusu shamba. Mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha haramu kwa hiari. Jambo jema. Ila aliyesalimisha alirudi shambani na debe lilelile, na nguruwe hawakutangaziwa msamaha wowote. Kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori wakali nacho, kwa Kanuni za mwaka 2011, kilipangwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari. Mwenye kununua mbegu na mbolea ya mahindi afanye hesabu mwenyewe.

Ombi langu kwa halmashauri zetu na idara ya wanyamapori: kata zinazopakana na misitu zipatiwe askari wanyamapori mwenye silaha iliyosajiliwa, akae huko tangu mahindi yanapobeba hadi yavunwe, na namba yake ya simu ibandikwe ofisi ya kijiji. Kama shida ni mahali pa kulala, kwa upande wa Ilula walete vyuma na mabati, kibanda nitakichomelea bila kudai pesa ya ufundi.

Fundi kuchomelea,
Ilula, Iringa