Simba si simba tu

Mhariri,

Tangu nistaafu kazi ya reli sijawahi kukuandikia, hata siku ile mlipochapa picha ya treni ya mizigo mkaiita ya abiria. Nilikunja gazeti nikanywa chai yangu. Lakini ule ukurasa wa burudani wa kabla ya sikukuu ya Madaraka, uliowasifia wanaouza wikendi ya historia na bia hapa Nairobi, umenishinda. Mwandishi wenu alijua ladha ya kila glasi. Historia aliipa mstari mmoja.

Kwa sababu ya ukurasa huo, mwanangu wa pili alitulipia ziara, mimi na mama yake. Kampuni siitaji, wanajijua. Gari la saa tatu lilifika saa tano. Lile jengo la 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, kwenye alama ambayo umbali kutoka Nairobi huanzia kupimwa, na ambako zamani watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, tulionyeshwa kwa kidole kupitia dirishani. Taa ilikuwa ya kijani, dereva hakusimama.

Damu ilinichemka kwenye makumbusho ya reli. Kijana wa kutuongoza alisimama kando ya behewa la Ryall, mkubwa wa polisi wa reli wa zamani, akatangaza kwamba hili ni behewa la Tsavo, kwamba wale simba wawili walimtoa humu Mzungu mmoja, na Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, akawapiga risasi papo hapo. Nikamwita pembeni kwa adabu. Nikamwambia, kijana wangu, simba wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli, waliuawa Desemba 1898 na mpaka leo wako Chicago, wamejazwa. Ryall aliuliwa stesheni ya Kima mwaka 1900, na simba mwingine kabisa. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wamelala humu humu wakimvizia huyo simba, naye Ryall ndiye aliyekuwa zamu. Usingizi ukamwiba. Simba akaingia kwa mlango, akatoka naye dirishani. Wenzetu wa garini wakaanza kusogea wasikie. Msichana mmoja mdogo akanyoosha mikono kulipima dirisha, akamuuliza mamake mtu mzima hupitaje pale. Ndilo swali nililokuwa nikilisubiri tangu asubuhi! Kijana akatazama saa yake, akacheka, akasema, "Mzee, simba ni simba. Meza yetu ni ya saa nane." Tukafagiliwa garini kama kuku wa sokoni. Dakika kumi na tano, Mhariri, nilizihesabu. Kwenye bia tulikaa saa tatu unusu.

Hiyo bia yenyewe ililetwa juu ya kibao, glasi nne ndogo za kuonja, kila moja na hotuba yake: hii ina harufu ya chungwa, hii ya kahawa. Mama watoto hanywi, aliagiza soda, ila bei ya ziara ni ile ile. Alisikiliza hotuba yote kwa makini, kisha akauliza kimea chao wanakikausha vipi, maana mamake kule Bungoma alikuwa akipika busaa: anavundika unga wa mahindi, anaukaanga juu ya bati mpaka moshi umtoe machozi, ndipo anatia kimea cha wimbi na kuacha ichachuke, wazee waje na mirija yao. Kijana wa glasi akamjibu, "Shosho, hii si busaa." Meza nzima ikacheka. Mke wangu akavuta soda yake, hakuuliza tena. Mama mkwe wangu yule alimwagiwa mitungi na askari mara nne kwa busaa hiyo. Leo anayechachusha nafaka kwenye pipa linalong'aa huitwa fundi na huandikwa gazetini.

Hata historia ya bia hawakuisema! Ndugu wa Hurst walianzisha kiwanda Ruaraka 1922, kreti kumi za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley, na mwaka uliofuata George Hurst akauawa na ndovu. Ndipo bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Niliyasema hayo pale mezani nikaonekana mlevi, na mimi nilikuwa nimeonja glasi moja na nusu.

Kurudi Makadara, makanga anadai shilingi 150 kwa njia ya 50. Eti sikukuu. Sikukuu ya nani, kama si yangu niliyelipa mara tatu? Mnaandika wapi pa kustarehe, hamwandiki watu watarudije nyumbani.

Basi nawapa dawa. Kila mgeni, kabla ya kuletewa kibao chake, aulizwe maswali matatu: Ryall aliuliwa wapi, Hurst aliuawa na mnyama gani, na busaa hutiwa kimea cha nini. Akikosa mawili apewe uji. Kiongozi wa ziara aulizwe wa kwanza. Na mwandishi wenu, akiwa tayari, namkaribisha Jumamosi yoyote saa tatu kamili pale kwenye behewa. Aje na futi ya kupimia, lile dirisha tulipime.

Mstaafu wa reli,
Makadara, Nairobi