Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kigari na Matangi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wataalamu wa udhibiti wa mitambo,

Itifaki imezingatiwa. Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikaahidi mambo matatu: semina ya kila mwezi, vifaa vya majaribio ambavyo mwanachama yeyote anaweza kuazima, na orodha ya istilahi tutakazokubaliana. Semina zimefanyika, isipokuwa miezi ya mitihani. Vifaa vipo, ingawa ni seti moja tu, na habari zake ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya taarifa hii. Istilahi bado. Kamati inabishana kama "geini", yaani kipimo cha ukali ambao kidhibiti hulijibu kosa, ibaki geini au iitwe ukuzaji, na kwa sasa kila mtu anaandika kama alivyofundishwa na mwalimu wake.

Kigari

Wengi wenu mlikuwepo siku ya maonyesho ya tafiti za wanafunzi. Kikundi kimoja kilileta pendulamu iliyopinduliwa: fimbo imefungwa kwa bawaba juu ya kigari, na kigari kinakwenda mbele na nyuma juu ya reli ili fimbo isianguke. Ni zoezi la zamani katika fani yetu. Barto, Sutton na Anderson walilitumia mwaka 1983 kuonyesha kwamba programu inaweza kujifunza kudhibiti kwa kujaribu na kukosea tu. Vijana wetu walikuwa wameufundisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza yenyewe, kwa kigari cha kuigiza ndani ya kompyuta mpaka fimbo ikawa inasimama wima muda wowote wautakao. Mezani, mbele ya watu, ilisimama kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kigari kikaanza kutikisika, mtikisiko ukakua, kikagonga mwisho wa reli.

Hakuna aliyecheka, na nawashukuru kwa hilo. Fundi sanifu wetu alisogea, akazima umeme, akakisukuma kigari kwa kidole kimoja, polepole. Hakikusogea. Akaongeza nguvu kidogo, bado. Akaongeza tena, kikachomoka ghafla. Alikuwa hajasema neno, na tayari tulikuwa tumeelewa.

Ndani ya kompyuta yao, volti ndogo ilileta mwendo mdogo. Kwenye reli halisi kuna msuguano unaokishika kigari mpaka nguvu ivuke kiwango fulani. Kwa hiyo mtandao ulitoa masahihisho madogo madogo, mota ikanguruma pasipo kusogea, fimbo ikazidi kuinama, kisha likaja sahihisho kubwa lililochelewa na kupitiliza upande wa pili. Isitoshe, pembe ya fimbo ilisomwa kwa kamera, na picha huchukua muda kufika na kuchambuliwa. Kila amri ilikuwa inaijibu fimbo ilivyokuwa kitambo, nayo imeshainama zaidi.

Waliporudi baada ya miezi miwili, mtandao wao haukuwa umeongezwa hata tabaka moja. Walichobadilisha ni dunia waliyoufundishia. Kila jaribio ndani ya kompyuta lilipewa msuguano wake, uzito wake wa fimbo na ucheleweshaji wake, vyote vikichaguliwa kwa bahati nasibu, ili mtandao usizoee hali moja ukadhani ndiyo yote. Kamera waliiondoa, wakafunga enkoda, kihisi kinachopima pembe, kwenye bawaba. Safari hii fundi aliipiga fimbo kwa kalamu, ikayumba, ikarudi. Akaipiga tena kwa nguvu zaidi, nadhani kwa kulipiza kisasi, ikarudi.

Njia hiyo imeshapata ushahidi mkubwa kuliko wetu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha kazi yao ya Swift, droni iliyowashinda mabingwa wa mashindano ya droni kwa kutumia kamera na vihisi ilivyobeba yenyewe. Mtandao wake ulifundishwa ndani ya kompyuta, lakini watafiti walirusha droni halisi kwanza, wakapima jinsi mwendo wake ulivyotofautiana na ule wa kompyuta, wakairudisha tofauti hiyo kwenye mafunzo. Tuliisoma makala hiyo kwa vikao viwili. Kilichonikaa mimi ni mapungufu waliyoyaandika wenyewe: rubani binadamu akigonga kitu na droni yake ikabaki nzima, huendelea na mbio, ilhali Swift haikufundishwa kujinasua baada ya kugonga, na mwanga wa ukumbi ukibadilika sana, macho yake huweza kupotea. Natamani makala zetu ziwe na aya ya namna hiyo.

PID na uungwana

Azimio lililozua mjadala mkali mwaka huu ni lile la mkutano wa katikati ya mwaka. Linasema: mwanachama anayewasilisha kidhibiti cha mtandao wa neva aonyeshe pia matokeo ya PID, na PID hiyo irekebishwe na mtu anayetaka ishinde.

Kwa walio wapya, nieleze kwa ufupi. Nicolas Minorsky alichapisha mwaka 1922 uchambuzi wake wa uongozaji wa meli, baada ya kuwatazama washika usukani kazini. Mshika usukani mzuri haangalii tu meli imepotoka kiasi gani sasa hivi. Anakumbuka imekuwa ikipotoka kwa muda gani, na anahisi inageuka kwa kasi gani. Hayo matatu, kosa la sasa, kosa lililolundikana na kasi ya kosa kubadilika, ndiyo PID, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya viwanda hadi leo. Ziegler na Nichols walitoa kanuni zao za kuirekebisha, yaani kuchagua uzito wa kila moja ya hayo matatu, mwaka 1942. Kanuni hizo zilikusudia kila wimbi la kuyumba liwe kama robo ya lililotangulia. Yaani kuyumba kumo ndani ya makusudio yake! Mtafiti anayechukua namba za Ziegler na Nichols, asiziguse tena, halafu akatuonyesha mchoro ambamo PID inayumba na mtandao wake umetulia kama maji ya mtungini, hajatuonyesha kitu.

Nasema hivi nikijua kwamba nina makala yangu mwenyewe ya namna hiyo. Niliandika nikiwa kijana, ikakubaliwa, ikanisaidia kupanda cheo. PID niliyoilinganisha nayo niliirekebisha kwa dakika chache. Mtandao wangu niliuhangaikia miezi. Nilipoirudia PID hiyo mwaka huu, safari hii kwa subira, tofauti niliyojisifia ilibaki kidogo sana. Mwenye kutaka kuiona michoro hiyo aniombe, nitampa.

Azimio limewauma wengine. Mwanachama mmoja alileta mtandao wa kudhibiti joto la tanuru. PID ikarekebishwa na mwenzake wa ofisi moja, mtu mwenye wivu wa kitaaluma kama inavyotakiwa, ikashinda. Tanuru hupanda joto taratibu, na tabia yake karibu haibadiliki. Palikuwa hapana kazi ya mtandao pale. Aliandika hivyo hivyo, bila kupamba, na kwangu mimi hilo ndilo wasilisho bora la mwaka. Kwa upande wa pili, kikundi cha mkono wa roboti wenye viungo vinavyonepa kilishinda kwa mbali, kwa sababu mzigo unaobebwa hubadilika kila mara na PID moja haiwezi kuwa nzuri kwa mizigo yote.

Kuna aliyeniandikia kwamba chama kimegeuka kijiwe cha wazee wa PID. Namjibu kwa mfano ambao hata mimi ulinibadilisha. Mwaka 2022 zilichapishwa habari za tokamaki ya TCV iliyoko Lausanne, Uswisi, mtambo wa utafiti wa nishati ya muungano wa viini vya atomu, ambamo plazima, yaani gesi yenye chaji na joto kali, hushikwa na sumaku isiguse kuta. Kwa desturi, kazi hiyo hugawiwa vidhibiti kadhaa vilivyosanifiwa kimoja kimoja na kupangwa kwa uangalifu mkubwa. Watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, na wenzao wa Lausanne waliweka mtandao mmoja unaoamuru koili zote 19 za sumaku hizo, mara 10,000 kwa sekunde, na plazima ikashika maumbo waliyoyataka. Vigezo ni vingi, vinavutana, na hakuna mhandisi anayeweza kuvirekebisha vyote kwa mkono kwa wepesi. Mahali pa namna hiyo mtandao unastahili nafasi yake. Tanuru si mahali pake.

Pingamizi la haki lilitoka kwa wanachama wasio na maabara. Walisema kudai majaribio ya vifaa halisi ni kuwafungia mlango. Tukakubaliana kwamba kazi ya ndani ya kompyuta itapokelewa, ila mwandishi ataje msuguano, ucheleweshaji na kelele za vihisi (makosa madogo madogo ya usomaji) alivyoviweka. Na kama hakuviweka, aseme hivyo katika ukurasa wa kwanza.

Matangi

Nilitamani kuliacha hili, lakini katibu ameshaliandika kwenye kumbukumbu. Jaribio la matangi mawili ya maji, moja likimiminia jingine, lilimwaga maji sakafuni. Mtandao ulikuwa umefundishwa kwa data za wiki tatu. Data nyingi kweli kweli, isipokuwa zote zilikusanywa tangi likiwa chini ya kidhibiti cha zamani, na kidhibiti hicho kiliifanya kazi yake vizuri: kina cha maji hakikutoka karibu na nusu ya tangi. Siku tuliyoanza na tangi karibu tupu, mtandao ulikuwa haujawahi kuiona hali hiyo hata mara moja. Ukafungua vali yote na kuiacha.

Katika mjadala uliofuata mtu alimtaja mwanahisabati Cybenko, ambaye mwaka 1989 alithibitisha kwamba mtandao wenye tabaka moja lililofichwa unaweza kukaribia fomula yoyote endelevu, yaani isiyoruka ghafla, kadiri utakavyo. Ni kweli. Ila uthibitisho ule unahusu eneo lenye mipaka, hausemi utahitaji niuroni ngapi, yaani vijenzi vidogo vya mtandao, wala hauahidi kwamba mafunzo yako yatazipata namba zinazotakiwa. Nje ya eneo la data, mtandao hukisia, na hukisia kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Kilichotuokoa ni boya. Boya la plastiki lenye swichi, lililofungwa juu ya tangi na kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa pampu, pasipo kupitia kompyuta. Maji yalipolifikia, pampu ikazima. Kilichomwagika ni kile kilichokuwa bado kinateremka kutoka tangi la juu. Tangu siku hiyo kanuni ya maabara ni kwamba kifaa cha usalama hakipitii kwenye mtandao wa neva wala kwenye programu yoyote inayojifunza.

Semina ya usalama iliyofuata ilirudi nyuma hadi tarehe 15 Novemba 1967, ndege ya majaribio ya X-15 ilipopotea pamoja na rubani wake, Michael Adams. Ndege hiyo ilikuwa na MH-96, mfumo uliojibadilishia geini wenyewe kufuatana na hali ya anga. Mambo kadhaa yalikwenda vibaya siku ile, lakini baada ya ndege kuacha kujizungusha ovyo angani, mfumo huo uliingia katika mtetemo usiokoma, geini ikabaki juu pale ambapo ilitakiwa kushuka. Baada ya semina hiyo niliona kwa macho yangu wanachama wawili wakirudi kwenye programu zao kuongeza kikomo cha geini.

Kikundi cha nadharia

Kikundi hiki ni kidogo na hakina makelele, kwa hiyo husahaulika. Mwaka mzima wamekuwa wakishughulikia swali moja: tunawezaje kuthibitisha kwamba mfumo wenye mtandao ndani yake utatulia? Njia yao ni ya Lyapunov, mwanahisabati wa Urusi, ya mwaka 1892. Chukua gololi ndani ya bakuli. Huhitaji kujua njia yote itakayopita; ukionyesha kwamba kila wakati inapoteza kimo, umeshaonyesha kwamba itaishia chini. Tatizo ni kulipata bakuli, yaani fomula inayofanya kazi ya bakuli kwa mfumo wetu. Sasa wanafundisha mtandao wa pili ulitafute, kisha wanaukagua kihesabu, eneo kwa eneo. Kwa mfumo wenye vigezo viwili au vitatu ukaguzi huisha haraka. Vikiongezeka, maeneo ya kukagua hufumuka, na kompyuta yetu hukesha. Wanaomba kompyuta kubwa zaidi. Naunga mkono ombi hilo kuliko maombi mengine yote yaliyoko mezani.

Mengineyo

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nimeziona na sina la kuongeza. Tangu Hopfield na Hinton wapewe Nobel ya Fizikia ya mwaka 2024 kwa kazi yao ya mitandao ya neva, wanaoomba kujiunga nasi wengi wanataja mitandao ya neva, na wachache wanataja udhibiti. Naomba kamati ya uanachama isiwakatae. Iwape kigari.

Makamu mwenyekiti anamaliza muda wake na hagombei tena. Wanaotaka nafasi hiyo wamwone katibu kabla ya kikao cha mchana.

Kigari kiko stoo, ufunguo anao katibu, daftari la kuazima limening'inia mlangoni. Mwaka huu kimerudishwa mara mbili bila kebo ya enkoda. Aliye nayo ailete hata kimya kimya, aiache mezani kwangu, sitauliza.

Mwenyekiti